Yusupov, Orlov, Vasilchikov: kwa nini marafiki wa nyumba ya Tsar waligeuka wapinzani wake?

Mdadisi2

Habari za humu wakuu. Kuna jambo la Urusi ya Nicholas II naomba wanaolijua walifafanue. Simulizi nyingi zinasema makabaila walimchukia Rasputin, yule mkulima wa Siberia aliyeaminiwa na malkia kwa maombi yake, wakamuua, basi. Lakini ukiwatazama wahusika, hawakuwa watu wa mbali. Felix Yusupov alikuwa mume wa mpwa wa Tsar, yaani mfalme Nicholas. Dmitri Pavlovich alikuwa binamu wa Tsar. Zinaida Yusupova, mama wa Felix, alikuwa na mlango wazi kwa malkia.

Sasa, Rasputin ndiye aliyeleta ugomvi au alikuta nyufa zimeshaanza? Na mtu akikosana na ikulu ile, ilionekanaje kwa vitendo? Aliitwa? Aliandikiwa? Halafu tarehe za vitabu zinagongana sana, na majina yanajirudia mpaka mtu hajui nani ni nani. Mwenye kujua atusaidie.

---

Jicho la Kale

Mdadisi, kwa Yusupov anza na ujirani. Shamba lao la Arkhangelskoye lilikuwa nje kidogo ya Moscow, na jirani yao wa Ilyinskoye alikuwa Sergei Alexandrovich, ami yake Tsar, pamoja na mkewe Elizaveta Fyodorovna, ambaye nyumbani alijulikana kama Ella. Huyu Ella ni dada wa tumbo moja wa Malkia Alexandra, na yeye na Zinaida walikuwa chanda na pete. Crimea nako hali ni hiyohiyo: Yusupov walikuwa Koreiz, Xenia dada wa Tsar alikuwa Ai-Todor na mumewe Alexander Mikhailovich, na Tsar mwenyewe Livadia. Pwani moja, watu wanatembeleana.

Februari 1914 Felix alimwoa Irina, binti wa Xenia, katika Jumba la Anichkov. Miaka michache nyuma ndoa hiyo ingekwama, kwa sababu watu wa damu ya kifalme hawakuruhusiwa kuoa au kuolewa nje ya koo zinazotawala. Mwaka 1911 Tsar alilegeza sharti hilo kwa wale waliokuwa mbali na kiti. Wana na wajukuu wa kiume wa matsar waliendelea kubanwa. Kabla ya harusi Irina alitia sahihi kuachia haki yoyote ya kurithi. Kwa maelezo ya Felix mwenyewe, alipoulizwa Tsar ampe zawadi gani, hakutaka cheo cha ikulu. Aliomba ruhusa ya kukaa kwenye boksi la kifalme katika kumbi za maonyesho, akapewa. Hapo imebaki miezi mitano na ushei vita vianze, na bado wanazungumza kama ndugu.

Baada ya hapo mambo yaliharibika haraka. Mei 1915 baba yake, anayeitwa Felix vilevile, alikabidhiwa Moscow. Mwisho wa mwezi huohuo zikazuka ghasia dhidi ya Wajerumani. Maduka na nyumba za wenye majina ya Kijerumani ziliporwa kwa siku kadhaa, na umati ukafika mpaka kwenye nyumba ya watawa aliyoianzisha Ella, ukimtukana kwa asili yake. Felix mkubwa akalaumiwa kwamba alilegea. Yeye akailaumu serikali kwa kuwaacha watu wa asili ya Kijerumani kwenye madaraka. Mwaka haukuisha, akaondolewa. Nyumbani kwake waliamini kwamba mkono wa malkia umo.

Kiangazi cha 1916 Zinaida alikwenda kumweleza malkia waziwazi kuhusu Rasputin. Alitoka pale akijua kwamba hatakaribishwa tena. Mapema Desemba Ella naye akasafiri kutoka Moscow kwa jambo lilelile. Mdogo wake hakukubali kulizungumza. Alimsindikiza mpaka stesheni, na hawakuonana tena maishani. Barua ambazo Zinaida alimwandikia mwanawe miezi hiyo kutoka Crimea zimebaki, na humo malkia haitwi kwa jina lake wala kwa cheo chake. Anaitwa "Valide", yaani mama wa sultani wa Kituruki mwenye kutawala kutoka nyuma ya pazia. Ukifika kwenye barua hizo, urafiki umeshakufa.

Usiku wa 16 kuamkia 17 Desemba 1916, kwa kalenda ya zamani, Rasputin aliuawa katika jumba la Yusupov kando ya mto Moika. Irina alikuwa Crimea. Kwa hiyo kwa ukoo huu jibu langu ni kwamba kuvunjiwa heshima kwa baba na kukataliwa kwa mama vilitangulia, bastola ya mtoto ikafuata.

---

Mwandani

Naongezea, na kidogo napingana na Jicho la Kale. Ukianzia 1915 unaanza katikati. Nyufa zilikuwepo tangu malkia alipofika.

Alexandra aliolewa Novemba 1894, wiki moja tu baada ya mazishi ya baba mkwe wake, Alexander III. Ikulu ilikuwa kwenye matanga, kwa hiyo hakupata ule msimu wa kwanza wa dansi na mapokezi ambao ungemfahamisha na koo kubwa. Isitoshe, kwa utaratibu wa nyumba ya Romanov, mama wa Tsar aliyefiwa na mume alimtangulia mke wa Tsar katika kila hafla. Nicholas aliingia ukumbini ameshikana mkono na mama yake, Maria Fyodorovna, na mke akafuata nyuma na mwanamume mwingine wa ukoo. Watu wa Petersburg wakawa na malkia wawili: mkubwa wa Anichkov, mchangamfu, anayekumbuka jina la kila mtu, na mdogo, mwenye haya, anayechoka mapema. Wengi walichagua yule wa Anichkov na hawakuficha.

Ndipo utazame jinsi urafiki na kiti ulivyolishwa. Majira ya baridi, kuanzia Mwaka Mpya mpaka Kwaresima, Jumba la Baridi lilifanya dansi za ngazi kwa ngazi: ile kubwa ya Ukumbi wa Nicholas yenye wageni kama 3,000, za kati zenye wageni 700 hivi, na za Hermitage zenye wageni 200 hivi. Kabaila aliyealikwa Hermitage alijua kwamba kabla ya usiku kwisha atapata dakika mbili tatu za kusema na Tsar bila karani wala ombi la maandishi. Hapo ndipo mtu alipomwombea mwanawe kikosi kizuri cha jeshi, na ndipo lawama ndogo zilipomalizwa kabla hazijawa kubwa.

Februari 1903 ikafanyika ile dansi ya mavazi ya karne ya 17, ambako Zinaida alicheza ngoma ya Kirusi mbele ya wote. Ndiyo ilikuwa ya mwisho ya ukubwa ule. Januari 1904 vita na Japani vikaanza. Kiangazi akazaliwa Alexei, na muda si mrefu ikajulikana ana hemofilia, damu yake haigandi inavyopaswa. Januari 1905 askari wakawapiga risasi waandamanaji mjini Petersburg. Familia ikahamia moja kwa moja Tsarskoye Selo, ikaishi ndani ya Jumba la Alexander, na misimu ile haikurudi tena.

Ugonjwa wa mtoto ukafanywa siri. Naona uzito wote uko hapa. Malkia alimhitaji Rasputin kwa sababu aliamini maombi yake yanamtuliza mtoto anapovuja damu. Kabaila wa mjini hakuambiwa hilo. Alichoona ni mkulima wa Siberia anaingia pale ambapo yeye, mwenye ukoo uliotumikia kiti karne mbili, haingii. Mmoja anasema "mwondoe mtu huyu anakuharibia jina". Mwenzake anasikia "mwache mwanao afe", na hawezi kujibu maana siri haisemwi. Katika hali hiyo hata rafiki mwema akisema kwa adabu yote, lazima amuudhi.

Kwa hiyo Rasputin alikuta nyumba imeshajifungia. Na wala hawakuwa watu baki waliomleta: Tsar alikutana naye mara ya kwanza Novemba 1905 kwa mabinti wawili wa mtawala wa Montenegro, Milica na Anastasia, walioolewa katika ukoo wa kifalme. Wakati huo walikuwa vipenzi vya malkia. Miaka michache baadaye walikuwa maadui zake wa wazi, na mume wa Anastasia, Nikolai Nikolaevich, akawa mkuu wa majeshi ambaye malkia hakutulia mpaka ameondolewa Agosti 1915.

---

Mdadisi2

Mwandani, hapo kwenye siri ya mtoto umenifungua macho. Sasa lile la pili: mtu alijuaje kwamba ameshatupwa nje?

---

Karani wa Zamani

Hili lina utaratibu wake, na ukiujua barua na shajara za wakati ule zinasomeka vizuri zaidi.

Mara nyingi hakukuwa na neno "umefukuzwa". Alama ya kwanza ni ukimya: unaomba kuonana na malkia kupitia mwandani wa zamu (mwanamke wa heshima anayemhudumia), jibu linakuja kwamba hajisikii vizuri, na tarehe nyingine haitajwi. Alexandra alikuwa mgonjwa kweli mara nyingi, kwa hiyo wapo waliojiona wametupwa kumbe hapana. Hilo peke yake lilizaa chuki za bure nyingi.

Alama ya pili ni kupewa kazi ya mbali yenye jina kubwa. Knyaz (cheo cha kikabaila) Vladimir Orlov, mkuu wa ofisi ya kijeshi ya Tsar, ndiye aliyemzoesha Tsar magari, na mwanzoni alikuwa akiyaendesha mwenyewe kwa kuhofia kumwachia dereva usalama wake. Huwezi kupata ukaribu kuliko huo. Lakini alisimama upande wa Nikolai Nikolaevich na hakuficha anavyomwona Rasputin. Mwaka 1915 akapelekwa Kaukazi pamoja na bosi huyo mpya. Kwenye karatasi ni uhamisho tu, ila kila mtu Petrograd (ndiyo Petersburg) alielewa.

Alama ya tatu ni ya wazi. Mwandani wa malkia alivaa begani pambo la almasi lenye herufi za jina la malkia kwenye utepe wa buluu, linaloitwa shifr. Kunyang'anywa hilo ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Lilimpata Maria Vasilchikova, aliyekuwa Austria vita vilipoanza, akaja Petrograd Desemba 1915 na ujumbe wa kutaka amani uliopitia kwa kaka wa malkia, mtawala wa Hesse. Alivuliwa heshima hiyo na kuondolewa mjini. Malkia hakuweza kumtetea hata kama angetaka, maana tayari alikuwa akiitwa Mjerumani mitaani.

Usimchanganye huyo na Sofia Vasilchikova, mke wa Knyaz Boris Vasilchikov, mjumbe wa Baraza la Dola. Sofia alimwandikia malkia mwishoni mwa Novemba 1916 akimtaka aache kuingilia mambo ya serikali. Malkia alikasirishwa na maneno, na akakasirishwa pia na karatasi: vijikaratasi vidogo vilivyochanwa kwenye bloku ya kuandikia. Kwa adabu za pale, kumwandikia malkia kwenye karatasi ya namna hiyo ni kama kumfokea, na barua ya jambo zito ilipaswa kupita kwa mtu wa baraza lake. Amri ikatoka Sofia aende shambani kwao, mkoa wa Novgorod, na mumewe akaenda naye. Hapo ikulu ilikosea hesabu. Adhabu hiyo ilikuwa na nguvu zamani kwa sababu watu walimkimbia aliyeadhibiwa. Safari hii jamii ya mjini ikamwonea fahari. Wiki hiyohiyo Baraza la Dola na kongamano la makabaila walioungana walikuwa wanapitisha maazimio dhidi ya "nguvu za giza" zilizozunguka kiti. Makabaila hao ndio waliokuwa nguzo ya mwisho ya utawala ule.

Yupo pia Sofia Tyutcheva, mlezi wa mabinti wa Tsar, aliyepinga Rasputin kuingia vyumba vya watoto. Aliachishwa 1912, akarudi Moscow, na aliyoyasema huko yakasambaa. Mtu aliyefukuzwa hubeba habari, na pale hawakujifunza hilo.

---

Nahodha wa Usiku

Wakuu, nauliza kwa nia njema: si ndivyo ulivyokuwa ufalme wa Urusi siku zote? Malkia Catherine II wa karne ya 18 hakukosana na rafiki yake Dashkova?

---

Mwandani

Alikosana naye, na mfano huo unaonyesha tofauti vizuri sana. Ekaterina Dashkova, wa ukoo wa Vorontsov, alikuwa na umri wa miaka 19 tu Juni 1762 alipopanda farasi kwa sare ya kijeshi pamoja na Catherine siku za mapinduzi dhidi ya Peter III, mume wa Catherine. Dada yake Dashkova alikuwa hawara wa Peter huyohuyo, kwa hiyo alikuwa ameuacha ukoo wake kwa ajili ya rafiki. Alitarajia kuwa mkono wa kulia. Halafu, kama alivyosimulia mwenyewe, akamkuta Grigory Orlov, mpenzi wa Catherine, amejinyoosha kwenye kochi la Catherine anafungua barua za serikali, akaelewa nafasi ile ina mwenyewe.

Walipoana taratibu. Dashkova akasafiri Ulaya miaka kadhaa, tena kwa safari mbili. Aliporudi, Catherine akamkabidhi mwaka 1783 uongozi wa Akademia ya Sayansi, na mwaka huohuo akaanzisha Akademia ya Kirusi chini yake. Waligombana tena mwaka 1793, pale Akademia ilipochapa tamthilia ya Knyazhnin kuhusu Vadim wa Novgorod iliyomtisha Catherine, huku Ufaransa inawaka moto.

Tazama alichofanya Catherine. Rafiki msumbufu alimweka mbali kidogo, akampa kazi inayolingana na kichwa chake, akabaki na faida yake. Alexandra hakuwa na mahali pa katikati pa kumweka mtu. Kwake ulikuwa wa ndani kabisa, kama rafiki yake Anna Vyrubova, au ulikuwa adui. Nicholas naye alichukia ugomvi wa ana kwa ana. Alisikiliza, akatabasamu, kisha barua ya kuachishwa ikamfikia mtu nyumbani. Wengi waliumizwa na hilo kuliko kuachishwa kwenyewe.

---

Jicho la Kale

Mwandani amenishawishi kwenye mwanzo wa nyufa. Kwa Nahodha naongeza Khodynka, kuonyesha hata wakubwa walivyoachwa bila mwamuzi. Mei 1896, kwenye sherehe za kutawazwa, watu walikanyagana uwanjani Moscow, na hesabu rasmi ni vifo 1,389. Waziri wa ikulu alikuwa Vorontsov-Dashkov, rafiki wa dhati wa marehemu Alexander III. Gavana wa Moscow alikuwa Sergei, ami yake Tsar. Kila upande ukamtupia mwenzake lawama, koo zikagawanyika mafungu mawili, na Tsar hakusema hadharani nani mkosaji. Mwaka uliofuata Vorontsov-Dashkov akatoka wizarani. Sergei akabaki.

---

Mdadisi2

Na ile barua ya ukoo baada ya Rasputin kuuawa? Kwa nini haikufua dafu wakati walioiandika ni ndugu?

---

Karani wa Zamani

Kwa sababu walikwenda kwa pamoja. Mtu 1 wa ukoo akimwomba Tsar huruma, ni ombi. Sahihi 16 kwenye karatasi moja ni shinikizo, na Nicholas alilisoma hivyo. Mwisho wa Desemba 1916 waliomba Dmitri, aliyeshiriki mauaji hayo, asipelekwe Uajemi, afya yake ni dhaifu, aruhusiwe kukaa kwenye mashamba ya Usovo au Ilyinskoye. Ndiyo, Ilyinskoye ileile ya jirani wa Yusupov. Miongoni mwa waliotia sahihi alikuwemo Olga, malkia mjane wa Ugiriki, na Maria Pavlovna mkubwa, mke wa marehemu Vladimir Alexandrovich.

Sahihi ya huyu wa mwisho peke yake ilitosha kuharibu. Mwanawe Kirill alimwoa mwaka 1905, bila ruhusa, Victoria Melita, mwanamke aliyeachana na kaka wa Malkia Alexandra. Kirill alivuliwa vyeo, baba yake akaacha uongozi wa vikosi vya ulinzi kwa hasira, na ingawa baadaye alisamehewa, nyumba hizo mbili hazikupatana kweli. Mapema 1916 mama huyohuyo alitaka mwanawe mwingine, Boris, amwoe Olga, binti mkubwa wa Tsar. Malkia akakataa kabisa. Sasa mtu wa namna hiyo akija kuombea mwuaji wa Rasputin, utamsikiliza?

Tsar aliandika jibu juu ya barua hiyohiyo: kwamba hakuna aliyepewa haki ya kuua, na kwamba anashangaa wamemwomba. Nikolai Mikhailovich, mwanahistoria wa ukoo, akaamriwa kwenda shambani kwake Grushevka. Felix alipelekwa Rakitnoye, mkoa wa Kursk. Miezi miwili baadaye Tsar alipoachia kiti, hakukuwa na kundi la ndugu wala la makabaila lililosimama kumtetea.

Kwa tarehe: Urusi ilitumia kalenda ya zamani mpaka Januari 1918, baada ya 31 Januari ikafuata 14 Februari. Kwa matukio ya karne ya 18 ongeza siku 11, kwa karne ya 19 ongeza 12, na kuanzia Machi 1900 ongeza 13. Mauaji ya 16 kuamkia 17 Desemba yanakuwa 29 kuamkia 30 Desemba. Kosa la kawaida ni kuongeza siku kwenye tarehe iliyokwisha kubadilishwa, kwa hiyo angalia kwanza kitabu chako kinatumia kalenda ipi.

Kwa majina, shika jina la baba. Maria Pavlovna wapo wawili hai wakati mmoja: mkubwa ni yule niliyemtaja, mdogo ni dada yake Dmitri. Felix wawili, baba na mwana. Vasilchikova wawili. Nikolai Nikolaevich ni mwanajeshi, Nikolai Mikhailovich ni mwanahistoria. Ukikuta barua ya 1916 inataja "Nikolasha", huyo ni mwanajeshi. Na malkia akiandika "Rafiki Yetu" kwa herufi kubwa, anamsema Rasputin.